Siku Tuliyopiga Deki Ngazi za Theluji

Ijumaa ya wiki iliyopita rafiki mmoja wa Mama aliingia kwetu, mtaa wa Najma, akipiga chafya, akatuambia kwa fahari kwamba mafua hayo ameyapata kwenye theluji. Usishangae. Hapa Doha theluji huingiwa kwa tiketi. Kuna jumba la maduka lenye ukumbi wa baridi ndani yake. Unapewa koti la kuazima na buti zilizotoka kuvuliwa na mtu mwingine, unateleza kwa dakika zako, unapiga picha, kisha unatoka nje na kukuta jua linakungoja. Anti huyu anafanya kazi hotelini West Bay, na wakubwa wake waliwapeleka huko kama zawadi. Alikuwa na picha chungu nzima kwenye simu, na kwa zote alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Sasa nimeielewa hiyo Kanada yenu," akamwambia Mama.

"Umeelewa nini wewe?" Mama akasema akicheka. "Umekaa kwa friji nusu saa na umerudi mgonjwa."

Nilikuwa jikoni namimina karak, chai ya maziwa na iliki ya huku, kwenye chupa, na nilijua kinachofuata. Nilifunga kifuniko cha chupa kwa nguvu mpaka kikakwama. Mtu yeyote akitaja theluji nyumbani kwetu, Mama husimulia ile hadithi ya ngazi, na katika hadithi hiyo mjinga ni mimi.

Ngoja nikueleze vizuri, maana hujawahi kunisikia nikieleza. Hakuna aliyewahi. Mimi ni mtu wa kuleta chai na kurudi jikoni. Mwalimu wetu ameandika kwenye ripoti yangu mihula mitatu mfululizo kwamba nijaribu kuongea darasani. Nikiwa na neno huliandika daftarini, kwa sababu daftari halijawahi kunikatiza wala kuniambia niongeze sauti.

Tuliishi Kanada tangu nikiwa na miaka saba mpaka kumi na moja, katika mji mdogo wa tambarare ambako upepo hauna kilima cha kuuzuia. Mama alihudumia wazee katika makao yao, zamu nyingi zikiwa za usiku, na Baba aliendesha gari la kusambaza mikate. Tulipanga nusu ya nyumba ya mbao. Nusu ya pili alikaa mjane mmoja mzee, jirani yetu. Milango yetu miwili ilikaa sambamba kama macho, na mbele yake kulikuwa na veranda moja na ngazi tano za kushukia barabarani, zake na zetu pamoja.

Watu wa hapa wakiniuliza theluji ilikuwaje wanataka niseme ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri, lakini uzuri wake ulikuwa wa asubuhi ya kwanza tu. Baada ya hapo ilikuwa kazi. Kuvaa kulichukua muda kuliko kunywa uji: soksi mbili, suruali juu ya suruali, sweta, koti, kofia ya sufu, glavu, kisha ndipo Mama anakumbuka hujapakwa mafuta usoni, anakuvua kofia na kuanza upya. Shuleni kengele ya mapumziko ikilia tulitolewa nje hata kama makamasi yanaganda puani. Sauti ya buti kwenye theluji kavu ilikuwa kama mtu anatafuna wanga mbichi. Na harufu, hiyo siwezi kuieleza. Baridi kali haina harufu, ila unajua kuwa kitu fulani kimeondolewa hewani.

Sisi tulikuwa wageni wa mambo hayo na tulikosea kila siku. Kosa la kwanza lilikuwa la kufua. Mama aliamka akakuta jua linawaka hadi macho yanauma, anga ni buluu tupu, akasema jua zuri kama hili haliwezi kupotea bure. Alianika nguo zote nje. Saa sita suruali ya Baba ya kazi ilikuwa imesimama yenyewe. Baba aliileta ndani akiwa ameikumbatia kama mtu aliyezirai, akaiegemeza ukutani, tukakaa tukiitazama ikipiga magoti polepole mbele ya hita. Kosa lingine lilikuwa la maharagwe. Friji yetu ilikuwa ndogo, kwa hiyo Mama akaweka sufuria ya maharagwe kwenye veranda akisema Mungu ametupa friji ya bure. Asubuhi ilibidi Baba apige kifuniko kwa nyundo, na tulikula saa tisa.

Jirani alikuwa akitutazama kupitia dirisha lake. Hakucheka, au alicheka pazia likiwa limefungwa. Siku ya nguo aligonga mlango, akamwonyesha Mama jinsi ya kufunga kamba kwenye chumba cha chini karibu na tanuru la kupashia nyumba joto. Aliniazima koleo dogo lililokuwa la binti yake nikajifunza kusukuma theluji pembeni badala ya kuiinua. Kila Jumamosi alioka mikate midogo yenye mdalasini, na mmoja ulikuwa wangu. Aliuleta mlangoni umefungwa kwa taulo la jikoni ili usipoe katika hatua zile nne kutoka kwake mpaka kwetu. Nilikuwa sijui Kiingereza cha kutosha, na aibu yangu unaijua, lakini yeye hakunilazimisha kusema chochote. Aliongea mwenyewe. Aliniambia juu ya ndege waliobaki majira ya baridi na wale waliokimbia. Nadhani ndiye mtu mzima wa kwanza niliyekaa karibu naye bila kutafuta kisingizio cha kuondoka.

Sasa sikiliza kuhusu Jumamosi. Kama umelelewa na mama wa kwetu, unajua Jumamosi asubuhi ni siku ya nini. Viti vinapandishwa juu ya meza, zulia linatolewa, redio inawashwa, na nyumba inapigwa deki kuanzia chumba cha nyuma mpaka mlango wa mbele, halafu veranda, halafu ngazi, mpaka maji ya mwisho yamwagike barabarani na majirani waone. Nyumba isiyopigwa deki mpaka nje haijaoshwa. Mama alitoka na sheria hiyo kwao Murang'a, akaenda nayo Nairobi, akapanda nayo ndege. Miezi ya joto hakukuwa na shida. Msimu wa kwanza wa baridi alikuwa akifanya kazi kila Jumamosi, na wa pili alikuwa na mgongo unaouma, kwa hiyo ngazi ziliachiwa Baba na koleo lake. Msimu wa tatu nilikuwa na miaka tisa.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunatarajia wageni wa chakula cha mchana, familia ya Wakenya waliokuwa wamehamia mji wa jirani. Mama alitoka zamu ya usiku, hakulala. Alikaanga kuku, akanipa unga nikande chapati, na mnamo saa nne akafungua mlango wa mbele, akaona ngazi. Zilikuwa na michirizi myeupe ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, alama za buti, na mafuta ya gari ambayo Baba alikuwa amekanyaga.

"Hawa watu watasema tunaishi kama nguruwe," akasema. "Leta brashi."

Nilimwambia. Hili ndilo ninalotaka ulisikie kabla ya mengine yote. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa mwoga, na nilimwambia. Shuleni wiki hiyo mwalimu alikuwa ametutoa nje na vikombe vya maji, tukamwaga kwenye sinia, tukahesabu mpaka yalipoganda. Nilisema, "Mama, yataganda."

"Maji ya moto?" Mama akaniuliza. "Yachemke halafu yagande? Hiyo ni shule gani mnayosoma?"

"Mwalimu alisema…"

"Mwalimu wako anapokea wageni leo?"

Nikaleta brashi. Alibeba sufuria kubwa ya maji yanayochemka na sabuni ya unga, akamwaga kuanzia juu, na mimi nikasugua nikirudi nyuma, ngazi moja baada ya nyingine, kama ilivyo kawaida. Mvuke ulikuwa mwingi kiasi cha kutoona mikono yangu. Ulinukia sabuni, na kwa dakika moja hivi nje palikuwa na joto, na nilifurahi. Nakiri nilifurahi. Tulipomaliza tulipita kando, kwenye theluji, tukasimama barabarani tukaangalia kazi yetu. Ngazi zilikuwa zinametameta.

"Unaona zinavyong'aa?" Mama akasema. "Hiyo ndiyo inaitwa kuosha."

Alidhani ni usafi. Tukarudi ndani kwa mlango wa nyuma kwa sababu buti zetu zilikuwa na theluji, nikaendelea na chapati. Nilikuwa natandaza ya tatu niliposikia mlango wa jirani ukifunguliwa, hatua zake mbili kwenye veranda, kisha sauti ambayo sijui niifananishe na nini. Si kishindo kikubwa. Ilikuwa sauti fupi, halafu hakukuwa na sauti nyingine.

Nilifika mlangoni kabla ya Mama. Tulikuwa tumeanza deki kwa veranda, kwa hiyo nayo ilikuwa imeganda, ndiyo iliyomtupa. Jirani alikuwa amelala chini, mwisho wa ngazi, mguu mmoja umekaa vibaya, glavu moja imetoka. Taulo la jikoni lilikuwa kwenye ngazi ya tatu. Aliniona nikiweka mguu nje, akainua mkono usio na glavu.

"Usije, mpenzi," akaniambia. "Utaanguka."

Nataka kumtendea Mama haki hapa, kwa sababu yeye hajanitendea. Alijua la kufanya. Alipita mlango wa nyuma akazunguka nyumba mbio, bila koti, akapiga magoti kwenye theluji, akamkataza jirani asijisogeze, akavua leso yake ya kijani aliyojifunga kiunoni akamfunika, akaniagiza mablanketi, akapiga simu. Alimshika mkono na kuongea naye mpaka gari la wagonjwa lilipofika, kwa sauti ile anayotumia kazini, ya polepole. Wale vijana wa gari la wagonjwa walimpongeza. Mmoja wao alikaribia kuanguka mwenyewe, akauliza nani amefanya hivi kwenye ngazi, lakini walikuwa na haraka, wakaondoka.

Mwenye nyumba hakuwa na haraka. Alikuja saa saba, wageni wetu wakiwa wameshafika na wamekaa sebuleni na sahani mapajani. Alisimama mlangoni akamwaga chumvi kutoka kwenye ndoo huku akiongea. Alitaka kujua nani aliweka maji hapo. Alisema kuna bima, kuna sheria, kuna watu watakaouliza, na yeye hatalipia ujinga wa mtu.

Mama aliniita. Niliweka sinia chini nikaja. Aliweka mkono begani mwangu, na mkono wake ulikuwa baridi bado.

"Mtoto alikuwa anacheza na maji," akamwambia kwa Kiingereza. Kisha akanitazama. "Si ndiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ni hilo tu nililofanya. Watu wanaodhani mtu mkimya hawezi kusema uongo hawajui. Uongo mkubwa kuliko wote maishani mwangu niliusema bila kufungua mdomo.

Mwenye nyumba alinitazama, akasema mtoto ni mtoto, lakini aangaliwe. Akaondoka na ndoo yake. Jioni, wageni walipokwisha kwenda, Mama alinifuata nikikusanya vikombe. "Wewe ni mdogo, hawawezi kukufanya kitu," akaniambia. "Mimi watanifukuza kazi. Watatutoa nchini sisi wote. Unaelewa?" Nilielewa. Hata sikukasirika wakati ule. Nilijiona mtu mzima, nimebebeshwa kitu kizito na sikukiangusha. Baba aliporudi kutoka kazini aliambiwa hadithi ile ile aliyoambiwa mwenye nyumba, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Jirani alikuwa amevunjika nyonga. Nilitaka kwenda kumwona hospitalini na Mama akasema hapana, watoto hawaruhusiwi, na mimi nilijua wanaruhusiwa kwa sababu msichana wa darasani kwetu alikuwa amekwenda kumwona babu yake. Mama aliogopa nitasema. Badala yake aliniketisha mezani na kadi, akaniambia maneno nikayaandika kwa mwandiko wangu bora: samahani sana kwamba nilicheza na maji kwenye ngazi. Nilichora ndege pembeni. Jibu lilikuja kupitia kwa mwenye nyumba, kwa mdomo, akiwa amekuja kurekebisha bomba. Alisema yule mama amesema hana kinyongo na mimi hata kidogo, na ndege nimemchora vizuri.

Hebu fikiria kusamehewa kosa ambalo si lako na mtu unayempenda. Huwezi kuukataa msamaha huo. Huwezi pia kuupokea. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimekaa na msamaha wa mtu mwingine mkononi sijui niuweke wapi.

Jirani hakurudi. Binti yake alikuja na gari kubwa mwishoni mwa baridi, akahamisha vitu, akampeleka mji mwingine akaishi naye. Nilitazama kupitia dirishani wakitoa meza aliyokuwa akikandia mikate. Shuleni watoto walikuwa wamesikia, kwa hiyo nikawa msichana aliyemvunja bibi. Siwezi kusema nilikuwa mwongeaji kabla ya hapo, lakini baada ya hapo hata kile kidogo nilikiacha.

Kisha Mama akapata kazi ya unesi hapa, tukahama, na niliamini hadithi hiyo imebaki kule pamoja na makoti. Mwaka wa kwanza hakuitaja. Mwaka wa pili, Ijumaa moja baada ya ibada, kwani hapa kanisani huendwa Ijumaa, wageni wamejaa sebuleni na mtu akalalamika baridi ya Doha, Mama akaanza, "Baridi? Ngoja niwaambie huyu wangu alichofanya." Watu wakacheka. Walicheka sana, kwa sababu Mama anajua kusimulia. Tangu hapo hadithi ilikua kila ilipotolewa. Miaka yangu ikashuka kutoka tisa hadi sita. Ikawa nilitaka kutengeneza uwanja wa kuteleza. Ikawa niliiba maji ya kuoga ya Baba. Sufuria ikapotea, brashi ikapotea, wageni wa mchana wakapotea, na Mama mwenyewe akawa kazini.

Nilivumilia yote hayo. Niliwaletea chai wakinicheka, na anko mmoja, mlinzi kwenye jengo refu la West Bay, alizoea kuniambia, "Fundi wa barafu, hebu ongeza sukari." Nilimwongezea.

Basi Ijumaa ya wiki iliyopita, anti akiwa na mafua yake, Mama akaanza tena. Niliingia na sinia wakati amefika mwisho. Na mwisho, msomaji wangu, alikuwa ameubadilisha. "Yule mama akateleza kidogo tu," akasema, akiwa amesimama kabisa na kuonyesha kwa mikono, "akakaa chini puu, akainuka akijipangusa, akacheka mpaka machozi."

Wote wakacheka. Mimi nikasema, "Hakuinuka."

Sijui sauti ilitoka wapi. Sinia lilikuwa mikononi.

"Kumbe huyu huongea," anko mlinzi akasema.

"Nani amekuuliza?" Mama akasema, bado anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Weka chai."

"Hakuinuka, Mama. Alivunjika nyonga. Ulimfunika na leso yako ya kijani. Na maji hayakuwa ya kucheza, tulikuwa tunapiga deki, mimi na wewe, na nilikwambia yataganda."

Nadhani ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mbele ya watu. Nilipomaliza niliweka sinia mezani. Anti alipiga chafya na hakuna aliyemwambia pole. Baada ya dakika tano kila mtu alikumbuka ana zamu.

Baba ndiye aliyenifuata chumbani. Nilidhani anakuja kuuliza kama ni kweli. "Ungengoja wageni waende," akasema. Ndilo lililomuuma, wageni. Nilimuuliza kama alijua. Akatazama kiyoyozi, akasema mtoto wa miaka tisa hawezi kubeba ile sufuria ikiwa imejaa, kila mtu mwenye macho alijua. Alijua. Miaka yote hiyo alijua na alicheka na wageni. Naandika hili kwa wino mzito na karatasi imetoboka.

Mama hakuniongelesha siku tatu. Aliacha chakula mezani kimefunikwa, akaenda kazini, akarudi, akalala. Jumanne alikuja akiwa bado na sare ya hospitali, akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Nilitegemea kugombezwa. Akasema, "Nilikuwa nimesahau."

Nilifunga daftari.

"Hapana," akasema tena. "Sikusahau. Nilikuwa nikiisimulia watu wakacheka, naona kama ilichekesha kweli. Nilitaka ainuke, huyo mama. Kila nikisimulia nilikuwa namwinua."

Ningependa kukuambia kwamba hapo nililainika. Sikulainika. Nilimwambia kama alitaka kumwinua, angemwinua bila kunitumia mimi kama kiti. Akainamisha kichwa. Nikamwambia nataka tumwandikie, barua ya kweli, aambiwe kadi ile haikuwa yangu. Mama akasema sawa, leta karatasi. Nikaleta. Akashika kalamu, akaandika salamu, akaishia hapo.

"Alikuwa anaitwa nani?" akaniuliza.

Sikujua. Unaamini hilo? Jirani aliniambia jina lake siku ya kwanza kabisa, jina lake la kwanza kama wazungu wanavyofanya, nami nikalikataa, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kuwa mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina. Nilimwita Nyanya tangu siku hiyo. Mama alimwita mama wa mlango wa pili. Baba alimwita jirani. Heshima yetu yote hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyebaki na jina lake. Tulijaribu namba ya mwenye nyumba, haipo tena. Tulitafuta nyumba kwenye ramani ya simu, ile ya kuona barabara kwa picha. Mji upo. Mtaa upo. Pale nyumba yetu ya mbao ilipokuwa pana sehemu ya kuegesha magari na nguzo ya taa, na picha ilipigwa wakati wa joto, hakuna hata chembe ya theluji.

Leo ni Jumamosi. Jana wageni walikuja tena, ingawa wachache, na anko mlinzi, ambaye hajui kuacha kitu kipoe, akasema, "Mama, ile ya ngazi leo hatuambiwi?" Nilikuwa mlangoni pa jikoni. Mama alikuwa anakata keki. Hakuniangalia.

"Ile ilikuwa ni mimi," akasema. "Mtoto alinikataza na sikumsikia. Yule mama alivunjika."

Anti akasema pole. Anko akasema, "Aisee," akaangalia kikombe chake. Mama akawapa keki, wakaanza kuongea kuhusu metro kufungwa mapema, na ikaisha. Ilikuwa rahisi hivyo. Sekunde chache, kisu kikiwa mkononi, na hakuna aliyetufukuza nchini. Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu nikiwa na miaka tisa na nilifikiri yatanishusha mzigo, lakini kilichonijia ni hasira mpya, kwamba yalikuwa mafupi kiasi hicho na kila siku yangewezekana. Yangewezekana mbele ya mwenye nyumba na ndoo yake. Yangewezekana kwenye kadi. Yamesemwa Najma, kwa watu wanaokula keki, na mwanamke mmoja aliyestahili kuyasikia, kama yupo bado, anaamini mpaka leo kuwa msichana mdogo aliyempenda alimwaga maji ngazini kwa kucheza, na kwamba alimsamehe.